Maziwa, Maji na Magaga

Katika nyanda za juu za Njombe, Makete na Mbeya, miezi ya Juni, Julai na Agosti huja na baridi kavu, na dalili zake za kwanza huonekana katika ngozi za watu. Miundi hupauka ikawa kama iliyopakwa majivu, midomo hukatika, na visigino vya wale watembeao pekupeku au kwa kandambili hufanya mipasuko mirefu iitwayo magaga. Katika mabweni ya shule hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa wengi huoga kwa sabuni ya mche iliyokusudiwa nguo, kisha hukimbilia darasani bila kujipaka chochote.

Dawa zinazosifiwa ni nyingi. Mojawapo, ambayo ilianza katika majarida ya urembo ya nchi za nje na sasa husikika hata huku, ni kuoga maziwa. Ushauri wenyewe ni rahisi: mtu amimine lita moja au mbili za maziwa katika hodhi la maji ya uvuguvugu, alale humo kwa muda wa nusu saa, na ngozi yake italainika kwa sababu maziwa yana asidi laktiki. Katika sentensi hiyo moja mna ukweli, mna kosa, na mna hesabu ambayo haikufanywa. Yafaa ichambuliwe kwa makini, kwani lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 33 za protini, kiasi kinachozidi mahitaji ya siku nzima ya mtoto wa miaka sita. Anayeshauri chakula cha namna hiyo kimwagwe majini hana budi kuonyesha faida yake.

WENYE NG'OMBE HAWAKUOGA MAZIWA

Desturi ya kuoga maziwa ni ya kale, na ilikuwa ya matajiri. Mwandishi wa Kirumi Pliny, aliyefariki mwaka 79, alieleza kwamba Poppaea, mke wa Kaisari Nero, alikuwa akisafiri na punda majike 500 ili apate maziwa ya kuogea. Malkia Kleopatra wa Misri naye husimuliwa hivyo hivyo, ingawa kwake habari hiyo ni ya hadithi zaidi kuliko ya historia.

Kwa upande wa Afrika ya Mashariki, jambo la kuvutia ni kwamba watu waliokuwa na ng'ombe wengi hawakuyafanyia maziwa hivyo. Huko Ankole na Rwanda maziwa yalinywewa, na kilichopakwa mwilini kilikuwa siagi. Wamaasai nao walichanganya mafuta ya wanyama na udongo mwekundu, wakajipaka. Watu wa pwani, ambako ng'ombe walikuwa wachache na minazi mingi, walitumia mafuta ya nazi. Katika hali zote hizo kilichokwenda kwenye ngozi ni mafuta, na maziwa yakabaki kuwa chakula. Itaonekana hapa chini kwamba kemia haiwapingi wazee hao; bali inaongeza jambo moja ambalo hawakulitumia.

PAA LA MAKUTI

Ili kujua kinachoweza kuilainisha ngozi, lazima kwanza ijulikane ni nini kinachoifanya kuwa ngumu. Sehemu ya ngozi inayoguswa kwa kidole si hai. Ni gamba jembamba la seli zilizokufa, bapa, zilizojaa protini iitwayo keratini. Seli hizo zimelaliana tabaka juu ya tabaka, mfano wa makuti yaliyoezekwa juu ya paa, na katikati yake mna mafuta maalumu yanayozuia maji yasipotee. Sehemu nyingi za mwili gamba hili halifiki hata sehemu mbili katika mia za milimita. Kwenye kisigino laweza kuzidi milimita moja.

Seli zilizofungamana huachiana kidogo kidogo zinapofika juu na kupukutika bila kuonekana, huku nyingine zikipanda kutoka chini. Kazi ya kuvikata vifungo vinavyoziunganisha hufanywa na vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo huhitaji maji. Gamba likikauka, vifungo havikatwi kama ipasavyo. Seli hazipukutiki moja moja bali hutoka kwa vipande, au hurundikana. Ule weupe wa majivu unaoonekana juu ya muundi si vumbi. Ni vipande vya gamba vilivyoinuka pembezoni na kutawanya mwanga.

Mwaka 1952 mtaalamu wa Marekani, Irvin Blank, alichunguza kwa majaribio ni kitu gani hasa kinachofanya gamba la ngozi liwe laini na lenye kupindika. Watu wengi wakati huo waliamini kwamba ni mafuta. Blank alionyesha kwamba vipande vikavu vya gamba vikitiwa katika mafuta hubaki vigumu, lakini vikipata maji hulainika. Kiasi cha maji kikishuka chini ya sehemu 10 hivi katika 100, gamba hukakamaa na kukatika. Tangu hapo imeeleweka kwamba mafuta hayailainishi ngozi yenyewe, bali huyazuia maji yaliyomo yasitoroke. Mtu anayejipaka mafuta juu ya ngozi iliyokwisha kukauka anafunga mlango wa ghala tupu.

Je, gamba huyashikaje maji? Ndani yake mna mchanganyiko wa vitu vinavyovuta maji, ambavyo mwili wenyewe huvitengeneza: asidi za amino, yurea, na vinginevyo. Takriban sehemu 12 katika 100 za mchanganyiko huo ni chumvi za asidi laktiki, na nyingi kati ya hizo hutokana na jasho. Kwa hiyo asidi iliyomo katika mtindi si kitu kigeni kwa ngozi. Ni mojawapo ya vitu vinavyoifanya iwe nyevu kila siku.

Tena, ngozi yenye afya ni chachu. Mwaka 1928 Wajerumani Heinrich Schade na Alfred Marchionini walieleza kwamba juu ya ngozi mna utando wa tindikali. Kipimo chake cha pH kwa kawaida ni kati ya 4.5 na 5.5, na vimeng'enya vinavyotengeneza yale mafuta ya katikati ya seli hufanya kazi vizuri katika uchachu huo. Sabuni ya kawaida, kinyume chake, ina pH ya 9 hadi 10. Ngozi nzima hurudisha uchachu wake yenyewe baada ya saa chache. Ngozi iliyokwisha kuharibika huchelewa. Na maji yakiwa magumu, kama yale ya visima vingi vya Dodoma, sabuni hufanya utando mweupe usioyeyuka ambao hubaki mwilini hata baada ya kujisuuza.

Nyayo zina shida ya ziada. Ngozi ya nyayo na ya viganja haina tezi za mafuta kabisa. Gamba la kisigino basi ni nene, halina mafuta yake ya asili, na hubeba uzito wa mwili mzima. Kila hatua nyama laini ya kisigino hutanuka kando, na gamba kavu lisiloweza kutanuka nayo hupasuka. Hilo ndilo gaga.

TINDIKALI HUTOKA WAPI

Asidi laktiki ilitambuliwa kwanza mwaka 1780 na mwanakemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, na aliipata katika maziwa yaliyochacha. Neno hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Maziwa mabichi yaliyotoka kukamuliwa yana pH ya 6.6 au 6.7, karibu sawa na maji, na asidi laktiki iliyomo ni kidogo mno. Yaliyomo ni sukari iitwayo laktosi, takriban gramu 47 kwa lita. Mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba sukari hiyo hugeuzwa kuwa asidi na viumbe hai vidogo, ambavyo leo vinajulikana kuwa ni bakteria. Molekuli moja ya laktosi huweza kutoa nne za asidi:

C12H22O11 + H2O → 4 C3H6O3

Bakteria hawaimalizi sukari yote, kwa kuwa uchachu wanaoutengeneza wao wenyewe huwazuia wasiendelee. Maziwa huganda pale pH inapokaribia 4.6, protini ya kaseini inaposhindwa kubaki imetawanyika. Na mtindi ulio tayari huwa na asidi laktiki kati ya gramu 7 na 10 kwa lita.

Kwa hiyo anayemimina maziwa mabichi, ya pakiti au ya unga katika maji, akitumaini kupata asidi laktiki, hapati kitu. Mtindi ndio wenye asidi hiyo. Hili ni kosa dogo la maneno lenye matokeo makubwa, na hurudiwa karibu kila mahali uogaji wa maziwa unaposifiwa.

Shule yenye maabara yaweza kulithibitisha kwa saa moja. Mwanafunzi apime kwa pipeti mililita 10 za maziwa mabichi, atie matone machache ya fenolftalini, kisha adondoshe kutoka bureti sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M mpaka rangi ya waridi hafifu idumu kwa nusu dakika. Afanye hivyo tena kwa mtindi uliokorogwa vizuri. Kila mililita 1 ya alikali hiyo ni sawa na gramu 0.009 za asidi laktiki. Maziwa mabichi hutumia mililita 1.5 hadi 1.8, lakini kiasi hicho hutokana na protini na fosfeti, wala si asidi laktiki. Ndiyo sababu yafaa kitolewe katika hesabu ya mtindi. Mtindi mkali huweza kutumia mililita 10. Penye upungufu wa vifaa, maji ya rosela yaliyochemshwa hubadili rangi na kuonyesha tofauti ile ile, ijapokuwa si kwa tarakimu.

HESABU YA HODHI

Ichukuliwe kwamba mtu amejaliwa kuwa na hodhi la lita 150, na ametia humo lita 1 ya mtindi wenye gramu 9 za asidi laktiki. Uzito wa moli moja ya asidi hiyo ni gramu 90, hivyo ametia moli 0.1. Ichukuliwe tena kwamba maji ni magumu, yenye miligramu 200 za haidrojenikaboneti kwa lita. Katika lita 150 mna gramu 30 za haidrojenikaboneti. Na kwa kuwa moli moja yake ni gramu 61, hizo ni karibu moli 0.49.

Tindikali na haidrojenikaboneti haziwezi kukaa pamoja. Huungana na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Moli 0.1 za tindikali zitamezwa zote, na katika kila moli tano za haidrojenikaboneti karibu nne zitabaki. Hata lita nne za mtindi hazitoshi kuushinda ugumu wa maji hayo. Mwogaji atakuwa amelala katika maji meupe, ya kupendeza pengine, yasiyo na uchachu hata kidogo.

Mafuta yake nayo? Lita 1 ya maziwa ina gramu 35 hadi 40 za mafuta, na ya ng'ombe wetu wa asili huwa nayo zaidi. Yakitawanywa katika lita 150, kila lita hupata karibu robo ya gramu, na sehemu kubwa huondoka na maji machafu. Kijiko cha chai cha mafuta ya nazi kikisuguliwa kwenye miguu miwili huacha mafuta zaidi juu ya ngozi, kwa gharama ndogo. Kwa hiyo anayesifu hodhi la maziwa kwa sababu alitoka humo na ngozi laini hasemi uongo. Ila kilichomlainisha ni maji ya uvuguvugu, na yangemlainisha hivyo hivyo bila ng'ombe kuhusishwa.

Sasa hesabu ifanywe kwa beseni dogo la miguu lenye lita 2 za maji yale yale na lita 1 ya mtindi. Haidrojenikaboneti ni moli 0.0066 tu, tindikali ni moli 0.1, yaani mara kumi na tano. Mchanganyiko hubaki mchachu, karibu na uchachu wa ngozi yenyewe, na una asidi laktiki takriban gramu 3 katika kila mililita 1,000. Si hodhi kubwa linalotakiwa, bali chombo kidogo. Kwa bahati njema, hicho ndicho chombo kilichomo katika nyumba nyingi.

Hata hivyo matumaini yasipitishe kiasi. Mwaka 1974 Eugene Van Scott na Ruey Yu wa Marekani walitangaza kwamba asidi za jamii hii, laktiki ikiwa mojawapo, ziliwasaidia wagonjwa wenye ngozi ya magamba ya kurithi. Ziliwafanya wabambue magamba yaliyorundikana kwa kulegeza mshikamano wa seli upande wa chini wa gamba. Tangu hapo malhamu zenye asidi laktiki ya sehemu 5 hadi 12 katika 100 zimetumiwa sana hospitalini. Beseni lililoelezwa hapa lina sehemu 0.3. Ni dhaifu mara kumi na tano na zaidi. Haliwezi kubambua, linachoweza ni kuondoa mabaki ya alikali ya sabuni, kurudisha uchachu, na kuongeza kidogo kile kitu kinachoshika maji. Udhaifu huo ndio unaolifanya liwe salama nyumbani.

MAJI YA MTINDI

Bado lipo lile swali la chakula, na jibu lake limo ndani ya chungu. Mtindi ukiachwa ukae, hujitenga: juu au pembeni huonekana maji yenye rangi ya kijani-manjano hafifu, na nyama nyeupe hubaki kando. Kaseini na karibu mafuta yote hubaki katika nyama hiyo. Asidi laktiki, iliyo rahisi kuyeyuka, huenea katika maji. Kwa maneno mengine, kilicho chakula zaidi na kinachofaa beseni zaidi hutengana vyenyewe. Familia yaweza kula kimoja na kulowekea miguu katika kingine.

Utaratibu wake ni huu. Lita 1 ya maziwa ichemshwe mpaka itokote, kisha iachwe ipoe hadi iwe vuguvugu. Vijiko viwili vya mtindi safi wa jana vitiwe, vikorogwe, chombo kifunikwe na kuwekwa mahali pasipo baridi kwa muda wa siku nzima; wakati wa kipupwe pengine siku na nusu. Kuchemsha si jambo la hiari. Maziwa mabichi huweza kuwa na viini vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na viini vya brusela huweza kuingia mwilini kupitia mkato wa ngozi. Mguu wenye magaga ni mguu wenye mikato.

Mtindi ukiiva, umiminwe katika kitambaa safi kilichochemshwa, uning'inizwe juu ya bakuli kwa saa chache. Karibu nusu lita ya maji yatapatikana, yenye gramu 4 hivi za asidi. Nyama iliyobaki katika kitambaa huliwa kwa ugali au viazi. Maji yale yachanganywe na lita 1 ya maji ya moto kiasi, mpaka joto lake liwe kama la mwili. Atakayepima kwa kiwiko, kama mama apimavyo maji ya mtoto mchanga, hatakosea sana.

Miguu iliyokwisha kuoshwa ilowekwe kwa dakika 10 hadi 15, beseni likiwa jembamba kiasi kwamba maji hayo machache yafunike visigino. Zaidi ya dakika 20 haifai, kwa sababu maji yanayoingia katika gamba kwa muda mrefu huvitoa nje vile vitu vivuta maji, na mguu ukikauka baadaye huwa mkavu kuliko ulivyokuwa. Wakati gamba limelainika, lisuguliwe polepole kwa jiwe la kusugulia miguu. Wembe usitumike kamwe. Kisha miguu isuuzwe kwa maji safi, kwa maana sukari na protini zikibaki hunuka na kuwakaribisha nzi, halafu ifutwe kwa kugusagusa, isikaushwe kabisa.

Hapo ndipo panapotakiwa haraka. Ngozi iliyolowana huanza kupoteza maji mara tu inapotoka majini, kwa hiyo mafuta yapakwe ndani ya dakika chache, gamba likiwa bado na unyevu. Samli, mafuta ya nazi, mafuta ya mgando ya dukani, yote hufaa. Mafuta ya mgando huzuia maji vizuri kuliko mengine na bei yake ni ndogo. Soksi za pamba zivaliwe usiku. Mara tatu kwa wiki zatosha.

Mikono yaweza kulowekwa vivyo hivyo. Kwa mwili mzima, na hasa kwa miundi, haihitajiki hodhi: kitambaa kilichochovywa katika maji ya mtindi hupitishwa juu ya ngozi baada ya kuoga, huachwa dakika chache, husuuzwa, na mafuta hufuata.

YASIYOFAA

Wako watu wasiopaswa kufanya hivi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisi za miguu asiloweke miguu katika maji ya moto, kwa kuwa anaweza kuungua bila kujua. Mwenye magaga yanayotoka damu au usaha aende zahanati kwanza. Watoto wachanga wenye ukurutu nao wasipakwe wala kuogeshwa maziwa ya aina yoyote. Chakula kinachoingia mwilini kupitia ngozi iliyochubuka huweza kuufundisha mwili kukichukia: utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2003 na Gideon Lack na wenzake ulionyesha uhusiano kati ya mzio wa karanga kwa watoto na malhamu zenye mafuta ya karanga walizopakwa ngozi zao zilipokuwa na uvimbe na vipele. Karanga si maziwa, lakini tahadhari ni ile ile. Mtu yeyote anayewashwa au kuvimba anywapo maziwa asiyaweke pia katika beseni.

Ndimu na limau si badala ya mtindi. Maji ya ndimu yana pH karibu na 2, yaani uchachu unaozidi ule wa mtindi mara mia kadhaa; tena yana kemikali ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huleta malengelenge na madoa meusi yanayodumu miezi.

Liko pia jambo la rangi. Kwa kuwa maziwa ni meupe, wauzaji wengine wa vipodozi hupenda kulitumia jina lake kwenye vichupa, na wasichana wa shule huamini kwamba kulainika na kuwa mweupe ni kitu kimoja. Sivyo. Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli hai zilizo chini ya lile gamba, na maji ya mtindi hayazifikii. Krimu zinazobadili rangi kwa haraka aghalabu zina haidrokwinoni au zebaki, na zebaki huharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa utengenezaji na biashara ya vipodozi vyenye zebaki, lakini vingali vinapenya sokoni. Muundi mweusi uliotoka katika beseni la mtindi na kupakwa mafuta huwa mweusi zaidi, wenye kung'aa, kwa sababu magamba yaliyokuwa yakitawanya mwanga yamelala chini.

MGUU WA KUSHOTO NA WA KULIA

Hesabu zote hizi zinaeleza kinachoweza kutokea, wala hazithibitishi kwamba hutokea. Je, maji ya mtindi yanaongeza chochote juu ya maji ya uvuguvugu, jiwe na mafuta? Swali hilo linaweza kupimwa na darasa lolote, na mwili wa binadamu umerahisisha mambo kwa kuwa na miguu miwili.

Wachaguliwe wanafunzi ishirini wenye magaga mepesi, waliokubali wenyewe. Kwa kila mmoja sarafu irushwe ili kuamua ni mguu upi utakaolowekwa katika maji ya mtindi. Mwingine utalowekwa katika maji matupu ya joto lile lile, kwa muda ule ule. Jiwe, mafuta na soksi viwe sawa kwa miguu yote miwili. Jina la mwanafunzi na mguu uliochaguliwa viandikwe kwenye karatasi na kutiwa katika bahasha iliyofungwa kwa gundi, ambayo mwalimu ataihifadhi.

Kila mwisho wa wiki mwanafunzi mwingine, asiyejua lolote kuhusu sarafu, akague visigino na kuvipa alama: 0 kwa kisigino laini, 1 kwa kikavu kisicho na mpasuko, 2 kwa mipasuko isiyo na kina, 3 kwa mipasuko yenye kina. Wanaokaguliwa wasimwambie kitu, na miguu ioshwe kabla ya ukaguzi, kwa sababu harufu ya mtindi hutoboa siri. Alama za miguu ya kushoto na ya kulia ziandikwe katika jedwali kwa wiki nne.

Inatazamiwa kwamba miguu yote miwili itapata nafuu, na kwamba tofauti kati yao, kama ipo, itakuwa ndogo. Mwalimu wa hesabu aweza kuombwa awasaidie wanafunzi kuamua kama tofauti hiyo inazidi ile ambayo sarafu peke yake ingeleta. Bahasha isifunguliwe kabla ya alama za wiki ya nne kuandikwa.